Kishale

Sera imefika Moshi kwa basi la asubuhi,
kurasa themanini na nne, jalada la buluu,
mhuri wa Dodoma, na barua juu yake:
isomwe na wote, saini kwamba umesoma.
Nimesaini. Nimesoma nusu.
Nusu nyingine naijua.

Naijua tangu usiku ule wa Machi,
mvua imenuna juu ya Kibosho, haitaki kushuka,
niko kituoni peke yangu na chupa ya chai.
Kishale kwenye kioo kikasogea,
na mkono wangu ulikuwa umeshika kikombe.

Taratibu. Kama mgeni anayejua ilipo swichi ya taa.
Kikapita pampu ya kwanza, kikapita ya pili,
kikatua kwenye klorini,
na palipokuwa na moja
kikaandika mia.

Sikupiga kelele. Nani angesikia?
Nilichomoa nyaya, ya njano, ya kijivu,
na ile ambayo fundi wa mkandarasi alisema
tusiiguse mpaka arudi
(hakurudi),
nikachukua tochi na spana ya mzee Kundaeli,
nikashuka ngazi thelathini na mbili kwenda kwenye vali
ambayo haikuguswa na mkono wa mtu tangu alipostaafu.
Ilikuwa na kutu. Ilinichuna kiganja.
Ilifunga.

Chini, mji umelala: Pasua, Majengo, Njoro,
wodini mashine zinazosafisha damu
zinakunywa maji kuliko ng'ombe,
na Mama Ndeonasia ameloweka maharage ya wanafunzi.
Hakuna aliyeamka.
Kwa hiyo hakuna aliyeshukuru, na ni sawa.

Bibi yangu wa Uru alikua kando ya mfongo.
Maji yalikuwa na zamu, na zamu ilikuwa na mwenyewe.
Aliyefungulia usiku, kabla ya siku yake,
alijulikana kabla ya jogoo:
tope lilishika unyayo, na kidole gumba kilichopinda
kila mtu alikijua ni cha nani.
Alilipa pipa la mbege. Walilinywa aliowaibia,
naye akiwamo, anacheka kwa aibu.
Hiyo nayo ilikuwa sera. Haikuwa na jalada.

Mwizi wangu hakukanyaga tope.
Vijana wa Dar walikuja na kompyuta zao, siku tatu,
wakafuata njia mpaka nchi moja, halafu nyingine,
halafu mahali pasipo na nchi.
Mbege tumtoze nani?

Kwenye semina kule Arusha mwezeshaji aliuliza:
miundombinu muhimu ni ipi?
Umeme, wakasema. Benki. Uwanja wa ndege.
Mimi nikasema: karatasi.
Wakacheka, sambusa mkononi.
Lakini ilikuwa karatasi, imebandikwa chini ya kioo miaka kumi na mmoja,
nywila ya kituo kizima:
jina la ng'ombe wa Kundaeli na mwaka aliomnunua.
Hata muuza vitumbua alimjua ng'ombe huyo.

Sasa nywila ni nyingine. Si ng'ombe. Usiniulize.
Na ukurasa wa arobaini na moja, ambao nimeusoma mara sita,
unasema kila kituo kibaki na uwezo
wa kuendeshwa kwa mkono.
Wewe uliyeandika mstari huo, sikujui,
ila nadhani nawe umewahi kuchunwa na kutu.
Kila Ijumaa naipaka vali mafuta.

Ukurasa wa hamsini: zamu ya usiku
iwe na watu wawili.
Kiti cha pili kimeletwa, bado kina nailoni yake.
Mtu, wanasema, yuko kwenye bajeti.